Vidole Visivyouma

Kila anayejifunza gitaa la nyuzi za chuma huumia vidole. Hilo niliambiwa siku ya kwanza na Kasiani, rafiki yangu aliyenifundisha, huku akinionyesha ncha za vidole vyake zilizokuwa ngumu kama kisigino. Wiki ya kwanza utalia, alisema, wiki ya pili utataka kuacha, wiki ya tatu ngozi itakomaa. Mimi wiki ya kwanza sikulia. Vidole vingine viliniwaka moto, lakini kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kushoto havikuuma hata kidogo, na badala ya kujiuliza kwa nini, nilijisifu. Nilimwambia Kasiani kuwa Mungu alinipa nusu ya mkono wa mpiga gitaa tangu tumboni kwa mama.

Naandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa jana au juzi kwamba una ukoma, ukarudi nyumbani ukakaa kitandani na viatu miguuni. Mimi nilikaa hivyo. Dawa nimemaliza, yaliyo mazito yamepita, na nimebaki na kidole kimoja kilichopinda ambacho huwa nawaonyesha watoto wakiniuliza. Udaktari siujui, kwa hiyo sitakufundisha. Nitakueleza nilivyopita tu.

Nilikuwa fundi redio mjini Sumbawanga, kibandani jirani na soko. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na redio-kaseti zilikuwa zinamwagika kutoka Tunduma, nzuri kwa macho na dhaifu tumboni, hivyo kazi haikunikosa. Ugonjwa wangu wa kwanza, kabla ya huo mwingine, ni udadisi. Kitu kikifika mezani kwangu lazima nikifungue, hata kama hakijaharibika. Mke wangu Restituta husema siku nikifa nitataka kwanza kuona jeneza limeunganishwaje.

Siku moja mteja aliniachia redio iliyomeza kaseti na hakurudi tena. Nikaichomoa ile kaseti, nikanyoosha utepe, nikaisikiliza. Ilikuwa miziki ya roki ya Wazungu, ya zamani zamani. Sikuwahi kusikia gitaa likitumika vile. Mimi nilijua gitaa la dansi, linalocheka, na gitaa la kwaya, linalonyenyekea. Hili lilikuwa linagomba. Lakini wimbo wa tatu upande wa pili ulianza taratibu, uzi mmoja mmoja, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua, na kelele zilikuja baadaye sana. Niliurudisha mara nyingi kwa kuzungusha kaseti na kalamu, maana kurudisha kwa mashine kunakula betri.

Kasiani alikuwa amekaa seminari miaka michache kabla hajagundua kuwa anataka kuoa. Huko mwalimu mmoja mgeni alimfundisha gitaa kavu, lisilohitaji umeme, na aliporudi mtaani kwetu Malangali alirudi nalo. Alisikiliza kaseti yangu, akacheka.

"Ladi, hizi kelele zote ni nguo tu," aliniambia. "Zivue, utakuta gitaa moja kavu limekaa chini. Hilo tunaliweza."

Tukaanza. Kila siku nikifunga kibanda tulikaa nyumbani kwangu, yeye akinipangia vidole, mimi nikitafuta sauti kwenye redio. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo maneno tuliyaruka tukaimba Kifipa cha kubahatisha. Wiki mbili nzima tulirekebisha nyuzi kufuata redio, tukashangaa mbona gitaa limelegea kama kamba ya nguo. Kumbe betri zilikuwa zinakufa, kaseti inajikokota, nasi tunaifuata shimoni. Fundi redio mimi, nikashindwa kulijua hilo. Kasiani hajaacha kunitania mpaka leo.

Restituta alitusikiliza akipika. Nilimpenda kwa mengi, ila mdundo hakuupata kwenye mgao. Kwaya ya parokia ilimwomba kwa upole aimbe bila kupiga makofi, kwa sababu makofi yake yalikuwa yanafika baada ya wimbo kuondoka. Nakuambia hili sasa kwa sababu litakuja kuwa na kazi yake.

Ugonjwa ulijulikana mwanzoni mwa mvua. Kasiani alikuja kibandani nikiwa natengeneza redio, amepakata gitaa, ananieleza sehemu ya wimbo ambapo kidole kidogo kinatakiwa kunyooka na kushika uzi wa mwisho. Changu kilikuwa kinakataa kunyooka, na mimi nilidhani ni ugeni. Nikawa nasikiliza huku nimeegemeza mkono mezani, palipokuwa na chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya.

"Nani anachoma nyama?" Kasiani aliuliza.

Tukatazama nje. Halafu akatazama meza. Kidole changu kidogo kilikuwa kimelala juu ya chuma, kinafuka moshi, nami nilikuwa nimemkodolea macho yeye nikingoja aendelee kuhusu wimbo.

Hakucheka. Aliweka gitaa chini, akakishika kile kidole, akakigeuza. Kisha akaona juu ya kiwiko changu doa lililopauka, ambalo nilikuwa nalo tangu mavuno na nililiita choa. Alilikwaruza kwa kucha.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Ladi, hii siyo sifa. Kesho twende hospitali."

Siku ya kliniki sisi wa ukoma tulichanganywa na wagonjwa wa kifua kikuu, kwenye benchi moja refu lililoelekea ukuta. Nadhani aliyelielekeza ukutani alitaka kutuhurumia, tusionane na wapita njia. Wa kifua walikohoa, sisi tulificha mikono. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kisukuma, Masanja, aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, miguu imefungwa vitambaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimeanzia wapi, mkono au mguu.

"Mkono, mzee."

"Una bahati. Mkono unauona. Mimi mwiba nauona kwa macho tu, siusikii. Naukuta jioni umeingia wote." Akafikiri kidogo. "Watu wanaomba Mungu awaondolee maumivu. Hawajui wanachoomba."

Muuguzi wetu alikuwa mama mmoja mnene wa makamo, Nesi Yustina. Alinipapasa kiwiko, akanionyesha mshipa wa fahamu uliovimba chini ya ngozi kama waya uliozidiwa na umeme, na hapo nilimwelewa kabisa. Kisha akachukua kalamu ya kawaida ya wino. Fumba macho, alisema, nikikugusa sema ndiyo. Alianza na kidole gumba. Ndiyo. Cha shahada, ndiyo. Cha kati, ndiyo. Halafu kukawa kimya, nami nikangoja. Nilipofumbua macho alikuwa anaandika kwenye kadi.

"Mbona hujaendelea?" nikamuuliza.

"Nimemaliza vyote, baba."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla yake nilikuwa na hamu tu ya kujua.

Aliniambia ukoma unapona, dawa ni bure, ni miezi ishirini na minne, na nikianza tu kumeza simwambukizi mtu. Mishipa ya fahamu ni jambo jingine. Kwa kuwa nimewahi, alisema, kuna vidonge vya kupunguza ule uvimbe, na vidole vinaweza kurudi, na vinaweza visirudi. Nikamuuliza kuhusu gitaa. Akanishangaa, wengi humuuliza kuhusu jembe.

"Nyuzi za chuma? Zitakukata usisikie, kidonda kiingie mfupani. Hutagusa gitaa mpaka vidole hivi visikie kalamu yangu."

Nilirudi nyumbani na pakiti ya kwanza mfukoni na kesi yangu yote ikiwa ndani ya kalamu ya wino.

Restituta alilia, akanyamaza, akapika. Asubuhi nilikuta kikombe cha bati cha bluu kimetengwa peke yake dirishani. Akahamia chumba cha mtoto wetu Neema. Chai aliiweka mezani kisha akarudi nyuma hatua mbili ndipo nami nichukue. Nilimwambia aliyoyasema nesi, akaitikia kwa kichwa, lakini maneno ya nesi yakitoka mdomoni mwa mgonjwa hayana nguvu.

Mama yangu alikuja kutoka Mpui na kifurushi cha unga wa ulezi. Alisema ni lile gitaa, limetoka kwa watu tusiowajua, na akataka niende naye kwa mtaalamu mmoja huko kwao. Nilimkatalia kwa adabu, akaondoka bila kumaliza chai. Nilijua anaogopa, na nilijua pia nimemuumiza.

Kilichonishughulisha zaidi ni salamu. Kwetu Ufipa mtu mwenye adabu huinama na kupiga makofi taratibu akimsalimu mwenzake. Mjini tulishaacha, tulishikana mikono kama watu wa ofisini. Basi habari zilipoenea Malangali, majirani zangu wote ghafla wakawa Wafipa wa kale. Waliinama, wakapiga makofi, wakaniuliza habari za nyumbani kwa heshima ambayo hata babu yangu hakuipata. Mwanzoni iliniuma sana. Baadaye udadisi ukanishinda, nikawa nawapima. Aliyekuwa anaogopa aliinama haraka na macho yakabaki mkononi mwangu, na mwenye heshima ya kweli macho yake yalikwenda chini. Restituta naye alianza kunisalimu asubuhi kwa makofi, yeye ambaye hakuwahi. Macho yake sikuweza kuyasoma.

Pakiti ya pili, ya tatu. Kila mwezi nilimeza vidonge vya siku hiyo mbele ya nesi, na mchana wake mkojo ulitoka mwekundu kama maji ya karanga. Usishtuke, ni dawa. Ngozi ilinikauka na kugeuka nyeusi ya kibluu, hasa palipokuwa na madoa. Vile vidonge vya mishipa vilinivimbisha uso na kunipa njaa ya ajabu, nikawa namaliza sufuria la maharage huku watu wakisema mbona mgonjwa ananenepa. Asubuhi na jioni niliroweka mikono kwenye maji, nikaipaka mafuta ya kupikia, nikanyoosha vile vidole viwili juu ya paja, mara kumi, mara ishirini. Mvua ilikatika, mahindi yakavunwa, upepo wa baridi ukaanza kupiga uwanda mzima, na Masanja aliletewa kliniki koti kubwa la mtumba lililomfika kwenye vifundo vya miguu.

Gitaa Kasiani hakuliondoa. Alisema likiondoka nitadhani nimekufa. Likawa limetundikwa ukutani, nami nikawa nausikiliza wimbo bila kuugusa. Niligundua mambo niliyoyapita nilipokuwa na haraka ya kuupiga. Yule mpigaji alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila zamu, ilisikika ndani ya utepe. Na ukimya kati ya sauti na sauti ulikuwa na urefu ule ule kila mara. Nilijifunza kuuhesabu. Nikaweza kuzima redio katikati, nikahesabu, nikaiwasha, nikakuta wimbo uko pale pale kichwani mwangu ulipo.

Ujuzi huo ndio ulioniponza. Mwezi wa tisa wa dawa, Nesi Yustina aliponipima, nilitambua kwamba naye alikuwa na mdundo. Alikuwa mtu wa kwaya. Mguso, pumzi moja, mguso, pumzi moja, kuanzia gumba kwenda kidole kidogo. Nilikuwa nimefumba macho. Nikafika cha pete, sikusikia kitu, nikahesabu pumzi, nikasema ndiyo. Pumzi nyingine, ndiyo. Akarudia mkono mzima, nikampatia vyote. Alifurahi mpaka akanipiga begani. Nami nilikuwa nimemdanganya mtu pekee aliyekuwa ananishika bila woga.

Jioni ile nililishusha gitaa ukutani. Kidole kidogo kilikataa kama kawaida, lakini cha pete kilikuwa kimeanza kunyooka kwa yale mazoezi, na nilikilazimisha. Nilipiga siku tatu. Siku ya nne Restituta alikuwa anafagia, akaona damu imekauka kwenye shingo ya gitaa.

Uzi ulikuwa umenikata ncha ya kidole cha pete, umepita pale pale kila siku, na ndani kulishaanza kutunga usaha. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Nesi alikuruhusu?" Restituta aliuliza.

"Aliniruhusu."

"Kwa hiyo kinasikia?"

Nikauficha mkono. Akakaa chini na fagio mkononi.

"Miezi tisa nimeuogopa ugonjwa," alisema. "Nimeogopa kwa ajili ya Neema, nimeogopa mpaka nikaona aibu. Sasa nakuogopa wewe. Ugonjwa haudanganyi."

Sina neno la kupunguza uchungu wa siku hiyo. Kesho yake alinipeleka hospitali mwenyewe, mbele yangu hatua tano, na akamweleza nesi kila kitu. Nesi Yustina hakunikaripia. Alisafisha kidonda, akakifunga, akasema ningechelewa wiki moja zaidi ncha ingekatwa. Kisha Restituta akamuuliza aliyokuwa hajawahi kumuuliza mtu: vikombe, kitanda, mtoto. Nesi akamjibu moja moja, akampima yeye na akataka Neema aletwe apimwe pia, na wote wakakutwa wazima. Nilikaa pembeni nikasikiliza maneno yale yale niliyoyasema mimi miezi tisa nyuma, na safari hii yaliingia.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kibandani nikamkuta ameketi mlangoni anakunywa chai kwa kikombe cha bluu.

Tangu hapo nesi alinipima akivunja mwendo. Alianzia popote, alingoja, alizungumza na mgonjwa mwingine, akagusa. Mdundo wangu haukunisaidia. Kadi yangu ikaandikwa ukweli: cha pete hapana, kidogo hapana. Pakiti ya kumi na mbili, hapana. Ya kumi na tano, hapana. Kidonda kilifunga, mvua zikaja zikaenda, vidonge vya mishipa vikasimamishwa na uso ukanirudia. Nilianza kujiambia kwamba kuna watu wengi duniani wasiopiga gitaa na wanaishi.

Ilikuwa baridi ya pili, pakiti ya ishirini. Restituta alikuwa uani penye jua, anachambua maharage kwenye ungo. Kliniki ilikuwa kesho yake, na usiku uliotangulia nilikuwa nimeota kidole kinawasha. Sikuthubutu kukiamini. Nikaenda na kalamu nikamwomba anipime.

Alinitazama. Hakuwahi kuushika mkono ule tangu mvua ya kwanza.

"Fumba macho," alisema. "Na usihesabu."

Nilijaribu kuhesabu, nakiri. Kwa Restituta haikuwezekana. Aligusa gumba mara mbili haraka, akapotea, nikasikia maharage yakianguka kwenye ungo, akagusa cha kati, akapotea tena. Nilikuwa gizani kabisa, kama kwaya inayofuata makofi yake. Halafu kukawa na kitu kwenye kidole cha pete. Hakikuwa na ncha. Kilikuwa na joto.

"Ndiyo," nikasema. "Cha pete. Lakini hiyo siyo kalamu."

Nikafumbua macho. Kalamu ilikuwa imelala kwenye ungo juu ya maharage. Alikuwa amekishika kidole changu kwa mkono wake, amekifunika chote, na machozi yanamtoka bila sauti.

"Na hiki?" alisema, akahamia kidole kidogo.

"Hicho hapana."

"Basi," akasema, lakini hakukiachia.

Kesho yake Nesi Yustina alithibitisha kwa kalamu, akivunja mwendo kadiri ya uwezo wake. Aliniruhusu dakika chache kwa siku, na nikimaliza nikague ncha za vidole kwa macho, jambo ninalolifanya mpaka leo, nawe lifanye kwa miguu na mikono yako kila jioni. Kidole kidogo hakikurudi. Kasiani alikuja na kichwa chake kigumu, akaupanga upya wimbo wote kwa vidole vitatu, na ule uzi wa mwisho tukauacha ujipigie wazi. Masanja aliposikia habari yangu alicheka na kuniambia sasa nitajua kulia.

Niliketi kitini, Kasiani mbele yangu, Restituta amesimama mlangoni na Neema. Nilibonyeza uzi kwa kidole cha pete. Maumivu yalinipanda mpaka kiwikoni, nikaachia.

"Kinauma," nilimwambia Kasiani.

"Wiki ya kwanza ndivyo ilivyo," alisema. "Endelea."

Niliendelea, nalia, mpaka wimbo ukaisha. Na ulipokwisha, na chumba kimeshakaa kimya kitambo, Restituta akaanza kupiga makofi.